Sanamu za Nairobi na Ahadi ya Jina

Msomaji, ukipita Barabara ya Kenyatta mjini Nairobi utaona sanamu tatu za shaba zimesimama juu ya jiwe: askari wa King's African Rifles, Mwarabu mwenye bunduki, na mpagazi. Wapitao ni wengi, wasimamao kuzitazama ni wachache. Zilifunuliwa mwaka 1928 ili ziwe ukumbusho wa Waafrika waliotumika na kufa katika vita vya 1914 hadi 1918 huku Afrika ya Mashariki. Mchongaji wake ni James Alexander Stevenson, yule yule aliyefanya sanamu ya askari iliyoko Dar es Salaam, ambayo ilifunuliwa mwaka 1927.

Yafaa tuzipime kama tupimavyo shairi au hadithi, si kwa uzuri wa umbo peke yake, bali kwa ukweli wa lile zisemalo.

Kwa umbo, ile ya Dar es Salaam ina uhai zaidi. Askari ameinama mbele, na singe yake yaelekea bandarini. Waona kabisa kwamba yu mwendoni. Walakini yu peke yake. Hapo ndipo Nairobi ishindapo, kwa sababu mpagazi amesimama pamoja na wenziwe wenye silaha. Na ndivyo ipasavyo. Katika nchi zenye mbung'o, ng'ombe, punda na farasi walikufa ovyo, na barabara zilikuwa haba. Basi chakula na risasi vilikwenda juu ya vichwa vya watu. Wapagazi waliotoka Kenya na kufa hukadiriwa kuwa 40,000 au zaidi, na wengi hawakuuawa kwa risasi, bali kwa kuhara damu, malaria na unga usioiva vizuri. Tena wengi hawakwenda kwa hiari yao. Sheria ya mwaka 1915 iliruhusu kuwashurutisha, na mwaka 1917 wakakusanywa kijiji kwa kijiji.

Sasa tazama maandishi chini ya sanamu, yaliyotiwa kwa Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili. Aliyeyatunga ni Rudyard Kipling. Awaita wapagazi miguu na mikono ya jeshi. Ni mfano mzuri masikioni, nao wasema kweli juu ya kazi yao. Lakini mguu ni kiungo cha mwili wa mwingine, nao hauna jina wala shauri. Kisha huja ahadi: mtu akipigania nchi yake, hata akifa, wanawe watalikumbuka jina lake. Je, ilikuwa nchi ya nani iliyopiganiwa, Waingereza na Wajerumani waliposhindana? Na hayo majina yako wapi? Zunguka jiwe lote. Hulioni hata moja.

Nami sidhani Kipling alikuwa mtu asiyejua uchungu huo. Mwanawe wa pekee, John, aliuawa huko Loos, Ufaransa, mwaka 1915, na baba alikufa bila ya kujua mwili ulipolala. Lakini jina la John lilichongwa katika ukuta wa makumbusho ya Loos. Baba yake mpagazi, kule Ukambani au Nyanza, hakupata ukuta. Mara nyingi hata mshahara wa marehemu haukumfikia. Mwezi wa Aprili 2021 tume ya Jumuiya ya Madola itunzayo makaburi ya vita ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika ya Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, na huenda wakafika 350,000.

Liko jambo jingine ambalo hakuna mchongaji aliyelipwa kulifanya. Kikosi cha wapagazi kiliitwa kwa Kiingereza Carrier Corps. Watu wakaligeuza tamko hilo kwa ndimi zao, na mahali walipopiga kambi pakaitwa hivyo: Kariokor mjini Nairobi, na Kariakoo mjini Dar es Salaam, ambako sokoni watu hununua ndizi na kanga hata leo.