Ndugu Watatu na Mji Mmoja

Katika Kanada uko mji uitwao Winnipeg, uliojengwa kati ya mbuga pana, tambarare kama mkeka, pale mto Assiniboine unapoingia katika mto Red. Ng'ambo ya mashariki ndipo Saint-Boniface, ambako Padri Provencher alifika mwaka 1818 kuanzisha misioni. Saint-Boniface ulikuwa mji wa peke yake mpaka mwaka 1972, ulipounganishwa na Winnipeg. Huku watu wengi walisema Kifaransa. Kule Kiingereza kilitawala.

Kanisa kuu la Saint-Boniface liliungua mwaka 1860, likaungua tena mwaka 1968. Lakini hata pasipo moto, vitabu vya serikali na vya parokia havisemi yote. Vyatuambia nani alizaliwa, nani aliajiriwa, nani alizikwa. Mengine yamo katika masanduku ya jamaa: barua, madaftari, picha. Je, maneno hayo ya nyumbani yaaminiwe kadiri gani? Tutazame nyumba moja iliyoacha maandiko mengi: ile ya Léon Roy na mkewe Mélina, mtaa wa Deschambault, iliyojengwa mwaka 1905.

Kitinda mimba wao, Gabrielle, alizaliwa mwaka 1909 akawa mwandishi mwenye sifa kubwa. Mwaka 1955 alitoa kitabu chenye jina la mtaa wao, Rue Deschambault. Ni kitabu kitamu, lakini msichana anayesimulia huitwa Christine, na mambo yamepangwa upya kama hadithi ipendavyo. Wako wanaokishika kama historia ya Saint-Boniface. Sisi twasema hapana: hadithi yatupa harufu ya nyumba, haitupi tarehe zake.

Kingine ni habari za maisha yake, La détresse et l'enchantement, kilichotolewa mwaka 1984, baada ya kufa kwake. Hiki ndicho kikubwa. Mwanzoni mama na binti wanavuka daraja kwenda Winnipeg kununua vitu katika duka kubwa la Eaton. Wakishavuka tu, wamekuwa wageni katika nchi yao wenyewe. Siku mama akiwa na moyo, hudai mwuzaji ajuaye Kifaransa. Siku nyingine hujaribu Kiingereza chake kibovu, na binti anaona haya. Sheria ya mwaka 1916, iliyoondoa mafundisho ya Kifaransa shuleni, yaweza kusomwa na kila mtu katika vitabu vya serikali. Lakini haya ya mtoto yule mbele ya meza ya duka, nani angeyaandika? Duka lenyewe limekwisha bomolewa, na mwaka 2004 ukumbi mkubwa wa michezo ulifunguliwa mahali pake.

Vivyo hivyo baba. Kazi yake ilikuwa kuwaweka wahamiaji katika mashamba mapya ya mbuga. Mwaka 1915 serikali ilimwachisha, karibu kabisa na kupata pensheni. Karatasi ya ofisi hueleza hayo kwa mistari michache. Umaskini ulioingia nyumbani twausikia kwa binti.

Lakini yuko ndugu mwingine, Marie-Anna, mkubwa kwa Gabrielle, naye pia mwalimu na mwandishi. Mwaka 1979 alitoa Le Miroir du passé, kitabu kichungu, kinachomshtaki mdogo wake kuwa mchoyo na mwenye kusahau wazazi. Wengi wamekitupa kando kwa sababu ya wivu wake. Wivu upo, hatubishi. Hata hivyo twaona wamekosea. Shahidi mwenye hasira ni shahidi bado, na pasipo yeye tungeijua nyumba ile kwa kinywa cha mtoto mmoja tu, tena yule aliyeondoka mwaka 1937 akaenda Ulaya.

Wa tatu ni Bernadette, aliyekuwa sista. Barua alizoandikiwa na Gabrielle tangu mwaka 1943 hata 1970 zilipigwa chapa mwaka 1988. Humo hamna ufundi mwingi, na kwa kazi yetu ndiyo sifa yake: kila barua ina siku yake, na mwandishi hakujua kesho italeta nini. Mwaka 1970, sista alipokuwa akifa, zilifuatana karibu kila siku. Ila twamsikia mmoja tu, maana kitabu kimetoa barua za Gabrielle, si majibu.

Tena tusidhani nyumba moja ni mji mzima. Wametisi, waliokaa kando ya mto ule kabla ya jamaa ya Roy, watafutwe katika maandiko yao wenyewe. Sheria ya mwaka 1870 iliwaahidia watoto wao eka 1,400,000, na kudai fungu kulihitaji kiapo juu ya ukoo na kuzaliwa. Mwaka 2013 Mahakama Kuu ya Kanada iliamua kwamba serikali haikuitimiza ahadi hiyo kwa bidii iliyopasa. Karatasi za viapo vile, pamoja na vitabu vya ubatizo, ndizo wajukuu wanazosoma leo wakitafuta babu zao. Chama cha historia cha Saint-Boniface, kilichoanzishwa mwaka 1902, kimekusanya koo zao nyingi.

Anayejua Kifaransa na kutaka kusoma habari za nyumba ya Roy aanze na barua, afuate La détresse, kisha Marie-Anna, akiweka vyote vitatu wazi mezani pamoja.