Projekta Ipimwe Taa Zikiwa Zimezimwa

Maboksi mengi ya projekta za bei nafuu huandikwa “1080p” kwa tarakimu kubwa, na mnunuzi akaondoka ameridhika. Mara nyingi maandishi hayo yana maana kwamba mashine inapokea video ya 1080p, kisha inaipunguza itoshe kwenye paneli ya pikseli 1280 kwa 720, au chini ya hapo. HD kamili ni pikseli 1920 kwa 1080 kwenye paneli yenyewe. Anayetaka uhakika hurusha picha ya mistari myeusi na myeupe yenye unene wa pikseli moja. Paneli halisi huutenga kila mstari. Nyingine hutoa ukungu wa kijivu.

Kwenye mwanga ndiko chumvi huzidi. Kipimo cha ANSI huigawa skrini nyeupe visehemu tisa, kila kimoja kikapimwa kwa luksi, kisha wastani ukazidishwa kwa eneo la skrini. Skrini ya inchi 100 yenye umbo la 16:9 ina takriban mita za mraba 2.76. Wastani ukiwa luksi 400, projekta inatoa lumeni 1,100, hata boksi likidai 8,000.

Na hizo 1,100 zinatosha! Sinema za kidijitali hulenga kandela 48 kwa mita ya mraba. Kwa skrini hiyo, ikiwa ya kawaida isiyoongeza mng’ao, lumeni 420 hivi hufikisha kiwango hicho gizani.

Kilicho adimu ni weusi. Hakuna projekta inayorusha rangi nyeusi. Panapotakiwa weusi, inazuia mwanga tu. Watengenezaji hupenda kulinganisha skrini nyeupe yote na skrini nyeusi yote, namba zikapaa. Kipimo kigumu zaidi ni miraba 16, minane myeupe na minane myeusi, ikirushwa kwa pamoja. Hapo mwanga hudunda kwenye kuta na dari nyeupe, ukarudi kuichafua miraba myeusi. Kwa sebule ya namna hiyo, kopo la rangi nzito isiyong’aa hufaa kuliko mashine ya bei mbaya.

Rangi nazo zipimwe: nyekundu, kijani na buluu, kila moja peke yake. Jumla yake ikiwa chini sana ya lumeni za nyeupe, sura za watu zitapauka. Projekta za DLP zenye gurudumu la rangi lililowekewa kipande cheupe huangukia hapo.

Kabla ya kulipa, mnunuzi aombe taa za duka zizimwe na irushwe filamu yenye matukio ya usiku. Muuzaji akikataa, maduka yako mengi.