Chozi la Odysseus na Mbwa wa Matai

Katika kitabu cha 17 cha Odyssey ya Homer, wahakiki wengi humsoma mbwa Argos kama ishara tu: analala juu ya samadi, basi nyumba ya bwana wake imeoza. Sawa. Lakini mimi nadai kiini ni lile chozi. Odysseus karudi baada ya miaka 20, kavaa kiombaomba. Mbwa anamtambua, anatikisa mkia. Bwana hathubutu kumsogelea. Anageuka, anafuta chozi mchunga nguruwe asione, halafu anaulizia habari za mbwa kama mgeni vile! Argos anakufa.

Mwaka jana kwetu Matai mbwa wetu alikufa. Baba alimzika nyuma ya kihenge, akarudi akisema moshi umemwingia machoni. Moshi gani, na jiko halijawashwa? Ila nani angempa pole, wakati "mbwa" kwetu ni tusi? Homer alijua upo msiba usio na matanga. Kasoro yake: Odysseus akishaingia ndani, Argos basi tena. Baba alikaa wiki nzima akibakiza tonge la ugali sahanini.