Pingamizi la Mzazi: Uhakiki wa Ujenzi wa Hoja katika Elimu ya Kujitegemea

Hoja ya kushawishi aghalabu hupimwa kwa uzito wa ushahidi wake. Kipimo hicho hakitoshi. Stephen Toulmin, katika kitabu chake cha mwaka 1958, alionyesha kuwa kati ya ushahidi na dai kuna kanuni inayoviunganisha, nayo mara nyingi haitamkwi. Tena, hoja hubainisha mazingira ambamo dai laweza kutanguka.

Katika Elimu ya Kujitegemea, andiko la Mwalimu Julius Nyerere la Machi 1967, kanuni hiyo inatamkwa waziwazi, tena mapema. Ushahidi mmojawapo mzito ni kwamba asilimia 13 tu ya watoto wa shule za msingi ndio wangepata nafasi ya sekondari. Takwimu hiyo peke yake haidai lolote. Mwingine angeitumia kudai sekondari zaidi zijengwe. Nyerere anaielekeza kwingine kwa kuwa ameshaweka msingi: elimu huwaandaa vijana kwa jamii watakamoishi, na jamii hiyo ni ya wakulima. Msomaji aliyeukubali msingi huo hana pa kukwepea dai kwamba shule ya msingi iwe elimu iliyokamilika yenyewe, na kila shule iwe na shamba au karakana. Mfasiri huyu wa Shakespeare, aliyeijua vyema hotuba ya Antony, hakuhitaji hapa balagha ya jukwaani.

Udhaifu umo katika kushughulikia pingamizi. Andiko linatabiri kuwa walimu na wazazi wataweza kuyachukia mabadiliko wasipoyaelewa. Kwa jibu hilo, pingamizi linageuzwa kuwa upungufu wa uelewa. Lakini mzazi aliyempeleka mwanawe shule ili aondokane na jembe alikuwa ameelewa barabara: mshahara ulikuwa na uhakika kuliko mavuno. Ajabu ni kwamba Azimio la Arusha, lililotangulia kwa mwezi mmoja tu, lilikwisha kuonya kuwa wakazi wa mijini waweza kuwanyonya wakulima. Ushahidi wa mzazi ulikuwemo katika andiko pacha, wala haukuitwa kujibiwa.

Mjadala wa Mtaala wa Umilisi nchini Kenya nao umepita njia hiyo. Wazazi walipolalamikia gharama za vifaa, si mara chache walijibiwa kwa wito wa kuwahamasisha wauelewe mtaala. Swali la nani angevilipia vifaa hivyo lilibaki palepale.