Namna ya Kuijua Zabibu Njema, Kutoka Dodoma hadi Karatu

Mgeni anayelala Karatu kabla ya kupanda hadi lango la Ngorongoro, akiagiza mvinyo wa Dodoma, huuliza jambo moja tu: ni mtamu au hauna sukari? Ningependa aanze na swali jingine: zabibu zake zilivunwa mwezi gani?

Ufaransa na Hispania mzabibu hulala. Baridi ikiingia, majani hupukutika, na mti huamka siku zikianza kupata joto. Kwetu haulali kamwe. Mkulima ndiye anayeulaza na kuuamsha, kwa mkasi wa kupogolea, kisha huvuna baada ya miezi minne hadi mitano. Kwa sababu hiyo Dodoma, ambako wamisionari wa Kikatoliki wa Bihawana walianza kupanda zabibu zao katika miaka ya 1950, ina mavuno mawili kwa mwaka: Februari na Machi, kisha Agosti na Septemba. Mavuno ya kwanza hukua na mvua. Majani hushambuliwa na ubwiri, punje hunywa maji na utamu huzimuka. Ya pili hukomaa wakati wa kiangazi, jua likiwa kali na usiku ukiwa na ubaridi, na ganda, ambalo ndilo linalobeba rangi na ukakasi wa mvinyo mwekundu, hupata muda wa kuiva. Kwa mvinyo mwekundu, mimi huchagua wa Septemba bila kusita.

Ukifika shambani, usidanganywe na rangi. Punje huwa nyekundu wiki kadhaa kabla ya kuiva. Chuma chache kutoka vichala vya juu na vya chini, upande wa jua na upande wa kivuli, kisha tafuna pamoja na mbegu. Mbegu ya kijani iliyoshikamana na nyama inasema bado. Mbegu ya kahawia inayovunjika menoni kama karanga iliyokaangwa inasema tayari. Mwenye kifaa cha kupimia sukari akisoma Brix 23 kwenye Syrah, atarajie mvinyo wenye kilevi cha asilimia 13 hivi. Lakini sukari peke yake haitoshi. Zabibu tamu isiyo na ukali hutoa mvinyo uliopooza, na hakuna ufundi wa kiwandani unaourudishia uhai wote.

Hapo ndipo zabibu nyeupe ya Chenin Blanc ilipojipatia heshima. Asili yake ni bonde la Loire, Ufaransa, nayo hubaki na ukali wake hata juani, ndiyo maana Afrika Kusini imeipanda kuliko nchi nyingine yoyote. Chenin njema ya Dodoma inapaswa kukusisimua pembeni mwa ulimi na kukutia hamu ya kumeza tena. Ikikuacha na utamu tu, zabibu zilichelewa kuvunwa au zilikaa juani zikisubiri gari.

Kusubiri huko kunaua mvinyo mwingi. Mkulima asiyepata mnunuzi husindika mwenyewe na kuhifadhi mchuzi wa zabibu. Kazi hiyo ni halali kabisa, ila angalia chombo: pipa lililojaa nusu lina hewa, na hewa huugeuza mchuzi kuwa siki. Nusa kabla ya kuonja. Harufu kali ya siki ikikupanda puani, acha. Usikubali kuambiwa kwamba utazoea. Inamisha pia glasi juu ya karatasi nyeupe: mvinyo mwekundu wa mwaka jana ambao ukingo wake umeshakuwa wa kahawia umeshaanza kuchoka.

Hukumu ya kiwanda isitokane na chupa yake tamu. Sukari huficha makosa. Omba ile isiyo na sukari, na iwekwe kwenye friji nusu saa kwanza hata kama ni nyekundu, kwa maana joto la mchana wa Dodoma huifanya pombe ifunike kila ladha.

Je, Karatu inaweza kuzaa zabibu njema? Dodoma iko kwenye mwinuko wa mita 1,100 hivi, Karatu karibu 1,500. Huko Ziwai, Ethiopia, kampuni ya Castel ya Ufaransa ilipanda Merlot na Syrah kwenye mita zipatazo 1,600, ndani ya Bonde la Ufa hili hili. Hispania nayo ina Tempranillo, inayoiva mapema na kupoteza ukali upesi kwenye joto. Ndiyo maana wakulima wa Ribera del Duero huilima kwenye mita 700 hadi 900, wakitegemea ubaridi wa usiku, na usiku wa baridi Karatu inao. Adui ni mvua na ukungu, na pia tembo wanaoshuka kutoka msitu wa Ngorongoro.

Anayetaka kujaribu achague mteremko unaopitisha upepo, apogoe kwa hesabu ili mavuno yaangukie kiangazi, na aanze na Syrah pamoja na mistari michache ya Tempranillo. Garnacha aiache: ganda lake jembamba na vichala vilivyobanana vitaoza mvua ya kwanza ikimkuta hajavuna.