Upole: Udhaifu au Ushupavu? Tahakiki ya Neno Moja katika Tafsiri na Fasihi

1. Utangulizi

Makala haya yanakusudia kulichunguza neno -pole jinsi linavyotumika katika Kiswahili cha pwani ya Kenya, hususan sehemu za Malindi na Kilifi, na kuonyesha hasara inayotupata katika tafsiri na katika uhakiki wa fasihi tunapolipa neno hilo maana moja tu. Dai letu ni kwamba mtu aitwaye mpole aweza kuwa dhaifu asiye na la kufanya, na aweza pia kuwa mtu mwenye uwezo mkubwa ambaye hababaiki. Lugha haikukosea kuziweka maana hizo mbili mahali pamoja. Sisi wasomi ndio tuliokosea kwa kudhani kwamba moja ni maana halisi na nyingine ni upotofu wa wasemaji.

Nililazimika kulifikiri jambo hili kwa mara ya kwanza nilipokuwa Uingereza kwa masomo ya shahada ya pili. Gazeti moja lilimsifu kijana aliyepiga mkwaju wa penalti mbele ya maelfu ya watazamaji, likamwita "nerveless". Mimi neno hilo nilikuwa nimelisoma katika shairi la John Keats liitwalo Hyperion, lililochapishwa mwaka 1820, ambamo linaelezea mkono wa Saturn, mungu aliyepinduliwa, umelala chini hauna nguvu. Kwa hiyo nilishangaa kuona mshindi akisifiwa kwa sifa ya aliyeshindwa. Katika zoezi la tafsiri niliandika kwamba kijana yule alikuwa "mlegevu", na wenzangu wakacheka. Baada ya kicheko likabaki swali: je, Kiswahili kina neno lililobeba mzigo wa namna hiyo?

2. Kano, Neva na Mshipa

Historia ya neno hilo la Kiingereza si ngumu kuifuata. Asili ya "nerve" ni Kilatini nervus, maana yake kano, yaani ule ugwe mgumu unaoshikanisha misuli na mifupa. Asiye na kano hana nguvu, na hiyo ndiyo maana aliyoitumia Keats. Baadaye elimu ya mwili iliposonga mbele, neno lilielekezwa kwenye mishipa ya fahamu, na katika mazungumzo ya kila siku "nerves" ikawa na maana ya wasiwasi na kutetemeka. Asiye na wasiwasi akapewa jina lile lile aliloitwa asiye na nguvu. Neno halikubadilika umbo. Kilichobadilika ni kile ambacho mtu husemwa kuwa hana.

Mtafsiri wa Kiswahili anayefuata njia ya mwili hafiki mbali. Neno letu mshipa lina kazi nyingi: ni njia ya damu, ni neva, na katika vinywa vya watu wengi ni ugonjwa wa kuvimba unaowasumbua wanaume. Mtu anayebisha kwa hasira husemwa kuwa mishipa ya shingo imemtoka. Aliyekatika mshipa wa haya ni mtu asiyeona aibu, na hapo kukosa mshipa si udhaifu wala si utulivu, bali ni utovu wa adabu. Kwa hiyo anayetafsiri neno lile kuwa "asiye na mishipa" atamtukana mtu aliyekusudia kumsifu. Kwa maana ya kwanza atatumia "uliolegea" au "usio na nguvu", na kwa maana ya pili "asiyebabaika". Lakini akifanya hivyo amekwisha ligawa neno, na pale mwandishi anapotaka maana zote mbili ziviziane, tafsiri itakuwa imemnyang'anya mwandishi shabaha yake.

3. Shina la Poa

Nathubutu kusema kwamba neno tunalolitafuta ni -pole. Tuanze na umbo lake. Ujamaa wa pole na kitenzi poa ni dhahiri kwa mtu anayelinganisha lugha za Kibantu. Kizulu kina phola na Kishona kina pora, na katika lugha hizo dhana ya kupoa inakaribiana na dhana ya kupona. Sauti ya l iliyopotea katika poa imebaki katika pole. Ndiyo maana anayepatwa na msiba huambiwa "pole", naye hujibu "nimeshapoa". Anayesema "pole" haombi radhi, kwani hakumkosea mfiwa. Anamtakia joto la machungu lishuke.

Walakini kupoa kuna pande mbili. Homa ikipoa ni afya, na chai ikipoa ni hasara. Katika ukoo huo huo wa sauti na maana tunalo neno poza, ambalo ni kutia nafuu, na jirani yake pooza, ambalo ni kufa kiungo. Basi tangu kwenye shina, tiba na ugonjwa vimekaa mlango mmoja. Haishangazi kwamba mpole anaweza kuwa aliyepona hamaki, na anaweza kuwa aliyepooza.

Wasemaji hawapotei katika utata huu. Niliwahi kuketi barazani Takaungu na wavuvi waliostaafu, nikawasikia wakilitumia neno hilo mara mbili kabla ya adhuhuri. Mara ya kwanza walimtaja nahodha aliyewaingiza salama wakati kusi imechafuka, nao wakasema kwa heshima, "Yule alikuwa mpole." Mara ya pili walimtaja mtu ambaye jirani yake alisogeza mpaka wa shamba mwaka hadi mwaka, naye asiseme neno, wakasema huku wakicheka, "Yule ni mpole tu." Nikauliza mgeni atajuaje tofauti. Mzee mmoja akanijibu, "Mwalimu, uliza kwanza bahari ilikuwaje."

Jibu hilo lina elimu ya semantiki ndani yake. Yafaa tutambue kile kijineno "tu", ambacho huishusha sifa mara moja, na pia kule kulirudia neno, "mpolempole", ambako hudhihaki. Lakini zaidi ya hayo, mzee alitufundisha kwamba maana ya mpole haimo ndani ya mpole peke yake. Imo katika uhusiano wa mtu na hatari iliyo mbele yake, na katika kile alichokuwa na uwezo wa kukifanya. Methali husema kwamba simba mwenda pole ndiye mla nyama. Wengi wetu huifundisha methali hiyo shuleni kana kwamba inausifu mwendo wa polepole. Sivyo. Mbuzi naye huenda pole, na hali nyama. Methali inamsifu mwenye meno ambaye hakuyaonyesha kabla ya wakati wake.

4. Karama Mbele ya Majivuno

Tukitoka na kipimo hicho tukaingia katika fasihi, tutaona jinsi uhakiki wetu ulivyomwonea Karama, mhusika mkuu wa Kusadikika ya Shaaban Robert, iliyotoka mwaka 1951. Baadhi ya wahakiki wamewalaumu wahusika wema wa mwandishi huyo kwamba ni vielelezo vya maadili visivyo na damu. Kwa Karama lawama huwa kwamba hakasiriki, hapigi kelele, wala hawaamshi watu wa Kusadikika wainuke, bali husimama mbele ya mfalme na kusimulia. Kwa kifupi, anaambiwa kuwa ni mpole tu.

Wahakiki hao hawakuuliza bahari ilikuwaje. Karama ameshitakiwa na Waziri Majivuno kwa kosa la kuanzisha mafunzo ya sheria, katika nchi ambayo mshitakiwa hana desturi ya kusikilizwa. Kule kusema kwake ndiko kosa lenyewe linalorudiwa mbele ya macho ya mahakama. Tena hasemi habari zake. Anasimulia safari za wajumbe sita waliotumwa kutafuta manufaa ya nchi, wakarudi na maarifa, wakatiwa gerezani. Kila safari ni shitaka jipya dhidi ya washitaki. Angepaza sauti kidogo tu, Majivuno angepata sababu ya kumnyamazisha. Utulivu wake ndio unaoufunga mdomo wa waziri. Sifa anayostahili Karama ni ile ya nahodha wa Takaungu.

Hata hivyo haki haitimii kwa kuugeuza upungufu wote kuwa ushujaa. Iko sehemu ambapo lawama ina msingi. Upole wa Karama hufaulu kwa sababu mfalme ana sikio. Mwandishi amemjalia mshitakiwa wake hakimu anayeweza kushawishika, na hakutuonyesha Karama angefanya nini kama hakimu angekuwa kiziwi. Huo ni upungufu wa hadithi katika kuujaribu upole, wala si udhaifu wa mhusika. Mhakiki anayechanganya mambo hayo mawili amempiga mtoto kwa kosa la mzazi.

5. Pale Mfalme Asipokuwa na Sikio

Hali hiyo ambayo Kusadikika haikuijaribu ilijaribiwa katika nchi ya Wagiriama. Mwaka 1912 serikali ya kikoloni ilimpeleka Arthur Champion awatawale, awatoze kodi, na apate vibarua wa mashamba na kazi za pwani. Kodi haikupatikana kama ilivyotakiwa na vibarua hawakutokea. Mwaka 1913 Mekatilili wa Menza, mwanamke mjane, alizunguka vijijini akicheza ngoma ya kifudu na kuwakusanya watu, na Kaya Fungo ikawa mahali pa viapo vya kutoshirikiana na serikali. Kabla mwaka huo haujaisha yeye na mzee Wanje wa Mwadorikola walikamatwa wakapelekwa Kisii, ng'ambo ya pili ya nchi. Mwaka 1914 walitoroka wakarudi kwao kwa miguu. Mwezi Agosti mwaka huo huo serikali iliilipua Kaya Fungo kwa baruti, na vita vikazuka.

Masimulizi ya wenyeji yanasema kwamba Mekatilili alimwendea Champion barazani na kuku mwenye vifaranga, akamwambia ajaribu kuchukua kifaranga kimoja. Aliponyosha mkono, kuku akamdonoa. Tusiingie katika ubishi wa kama jambo hilo lilitokea vile lisimuliwavyo. Lililo muhimu kwa mhakiki ni umbo la hadithi. Jamii haikumkumbuka shujaa wake kwa mkuki, bali kwa mnyama anayehesabiwa kuwa mpole kuliko wote uani. Masimulizi yamechagua kwa makusudi kiumbe ambaye mgeni atamdharau, ili dharau hiyo iwe ndiyo mtego.

Hapa ndipo neno letu linapoacha kuwa mchezo wa wanaisimu. Mara nyingi twasikia ikisemwa kwamba watu wa pwani ni wapole. Anayesema huweza kuwa anasifu, lakini sifa hiyo ina historia yake. Sheria ya Hati za Ardhi ya mwaka 1908 iliwataka watu wa pwani wathibitishe umiliki wa ardhi kwa njia ambazo wengi wa Mijikenda hawakuwa nazo, na familia nyingi za Kilifi zikawa maskwota katika ardhi waliyoilima. Kunyamaza kwa mtu aliyenyimwa pa kusemea kukiitwa upole, dhuluma inageuzwa kuwa tabia ya aliyedhulumiwa. Katika matumizi hayo "wapole" maana yake ni "hawatafanya kitu". Ni "mpole tu" lililofichwa "tu" yake.

6. Hitimisho

Kutokana na tuliyoyasema, tuna mapendekezo matatu. Kwanza, mtunga kamusi asitosheke kuorodhesha visawe vya -pole kama vile "taratibu", "tulivu" na "nyenyekevu", kana kwamba vinabadilishana nafasi. Aonyeshe neno likitumika kwa sifa na likitumika kwa dharau, na aeleze dalili zinazolitenga, mathalan "tu" na urudufishaji. Pili, mtafsiri anayekutana na neno la kigeni lenye nyuso mbili asikimbilie kulipasua. Kwanza apime kama mwandishi anazitaka nyuso zote mbili, na ikiwa ni hivyo, -pole litamfaa mara nyingi kuliko anavyodhani.

Tatu, na hili ni letu sisi wahakiki na walimu, kabla ya kumwita mhusika dhaifu kwa kuwa hapigi kelele, tuulize maswali mawili: ana uwezo gani aliouzuia, na nani anayemwita mpole? Swali la kwanza litamtenga nahodha na yule aliyesogezewa mpaka. Swali la pili litatutahadharisha na sifa zinazotoka kwa mwenye kusogeza mpaka.

Mimi mwenyewe nilipata alama ndogo katika zoezi lile la tafsiri, na niliistahili, kwa kuwa nililitafsiri neno bila kumtazama kijana aliyesimama mbele ya goli. Sipendi wanafunzi wetu wamsome Karama, au wayasikilize masimulizi ya Mekatilili, kwa jicho lile lile.