Jembe, Si Wavu
Tuwaache samaki wapumzike. Kila likitajwa bwawa la South Fork, Pennsylvania, watu hukimbilia ule wavu ambao klabu ya matajiri wa Pittsburgh iliuweka kwenye utoro, yaani njia ya kutolea maji ya ziada, ili samaki wasitoroke. Uliziba kwa takataka, kweli. Lakini Johnstown, mji ulio chini ya bwawa uliofagiliwa na mafuriko yake, haikuuawa na wavu. Iliuawa na jembe, siku walipoamua kukwangua kichwa cha tuta karibu mita moja ili barabara ya juu ipanuke na magari ya farasi yapishane.

Tazama walichokata. Tuta la udongo lenye kimo cha mita 22 halina adui mkubwa kuliko maji yanayopita juu yake, na kinachoyazuia ni tofauti kati ya sakafu ya utoro na kichwa cha tuta. Ukipunguza theluthi ya tofauti hiyo, hupotezi theluthi ya maji yanayoweza kutoka. Unapoteza karibu nusu. Juu ya hapo, kiraka cha katikati, palipobomoka mwaka 1862, kiliendelea kudidimia mpaka pakawa chini kuliko pembeni. Hata mchimba lambo wa kijijini anajua katikati huachwa juu kidogo, kwa kuwa udongo hushuka ukikaza. Hawa wakayaonyesha maji mlango.

Mabomba matano ya chuma ya kutolea maji chini ya tuta yalikwisha kung'olewa na kuuzwa na mmiliki aliyetangulia. Klabu haikuyarudisha. Mwaka 1880 Daniel Morrell wa kampuni ya chuma ya Cambria Iron ya Johnstown alimtuma mhandisi John Fulton akakague. Akarudi akisema bila bomba huwezi kushusha maji ukatengeneza tuta. Morrell akajitolea kuchangia gharama. Akajibiwa asiwe na wasiwasi.

Tarehe 31 Mei 1889 vibarua walijaza udongo juu ya tuta na kuchimba utoro wa dharura. Kazi nzuri, iliyochelewa miaka kumi. Tuta likapasuka, na waliokufa walizidi 2,200.

Nami sijawasamehe wahandisi wa Marekani waliochunguza. Ripoti yao ilifungiwa hadi 1891, na ilipotoka ikasema tuta lingepitiwa na maji hata lisingekatwa. Nimesema tangu zamani kwamba ule ulikuwa ufundi wa kufunika kombe. Mwaka 2016 watafiti waliipiga hesabu upya na kupinga jibu hilo: tuta la awali, na kimo chake chote, lingeweza kuhimili.

William Morris, aliyelisanifu awali kwa ajili ya mfereji wa mashua, aliacha mabomba na kimo cha kutosha. Mwingine ninayemvulia kofia ni Arthur Morgan. Baada ya mafuriko ya Machi 1913 kuipiga Dayton, Ohio, alijenga matuta matano ya udongo, yakakamilika 1922, kila moja na tundu la kudumu chini lisilo na geti. Mto ukiwa wa kawaida hupita bila kuguswa, na nyuma ya tuta watu hulima. Ukifurika, tundu hupitisha kiasi ambacho mji ulio chini unaweza kukihimili na maji mengine husubiri. Hapo hapana geti la kusahauliwa wala bomba la kuuzwa kama chuma chakavu, na klabu ya wavuvi isingepata hata ziwa la kufugia samaki.